Herufi Juu ya Kichanja

Ukitaka kumkasirisha Mwalimu Ikupa, mwambie kuna mtoto asiyefundishika. Atavua miwani, ataipangusa kwenye kitenge chake, atakutazama kama umemtukania mama yake. "Hajazaliwa," atakwambia. "Na akizaliwa, mleteni kwangu." Hapa Isansa amefundisha darasa la awali tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, na waliojifunza a na e mikononi mwake leo ndio wazazi wanaomletea watoto. Majivuno anayo, tena tele. Lakini kuna watu majivuno yamewakaa, na yeye ni mmojawapo.

Mwaka huo nusura yamtokee puani.

Mtoto mwenyewe alikuwa Dina, mwembamba, mpole, mjukuu wa Mzee Zabron. Mama yake, Violet, anauza mitumba Tunduma na huja nyumbani mara mojamoja, kwa hiyo Dina analelewa na babu. Na babu ana kahawa. Msimu ukifika, kahawa ikishamenywa na kuoshwa, humwagwa juu ya vichanja, zile meza ndefu za wavu za kuanikia, na pale inataka kugeuzwa kutwa nzima ili ikauke sawasawa. Mgeuzaji alikuwa Dina. Mwaka uliotangulia alitolewa darasani kwa kazi hiyohiyo, akarudi wenzake wameshajua kuandika majina yao, akaambiwa arudie. Sasa ana miaka saba, msimu umeingia tena, na nafasi yake kwenye mkeka wa darasa i tupu.

"Akirudia mara ya pili wenzake watamcheka," Mwalimu Ikupa alimwambia mwalimu mkuu, Yesaya. "Na huyu mtoto ana haya. Wakimcheka, hakanyagi tena shuleni. Tumempoteza."

"Basi tumpeleke babu kwa mtendaji wa kata. Sheria ipo."

"Mtoto akiletwa na mgambo anajifunza kuogopa, hajifunzi kusoma. Niachie mimi."

Akaenda mwenyewe. Mzee Zabron alimpokea vizuri, akamwekea kigoda, akamwagizia chai, kisha akamkatalia vizuri vilevile.

"Mwanangu mwalimu, mimi shule siipingi. Lakini kahawa ikivunda, sare ya huyu mtoto utanunua wewe? Mgongo wangu umekwisha. Na tuseme kweli, mwaka jana alishindwa. Mkituita wazazi mwezi wa kumi na moja kuja kuona watoto wakiandika, nitakuja. Akishindwa tena, basi, Mungu kampa mikono ya shamba. Si kila mtoto ni wa kalamu."

Miwani ikavuliwa. Mwalimu Ikupa alisema mengi, mengine ya kweli, mengine ya hasira tupu, na mzee akawa anaitazama migomba yake tu mpaka mgeni alipoishiwa maneno. Aliondoka bila kumaliza chai, moyo unamuuma.

Wakati anapita kwenye vichanja ndipo alipomwona Dina kazini. Mtoto alikuwa anapitisha vidole kwenye kahawa, na kila kidole kinaacha mfereji nyuma yake. Huu umenyooka. Huu umepinda. Huu umezunguka ukarudi ulikotoka. Mwalimu Ikupa akasimama pale pale.

"Lo! Ikupa mjinga we," akajiambia. "Ubao si ndio huu? Tena mrefu kuliko wako."

Akainama, akaandika a kubwa kwa kidole katikati ya kahawa. "Hii inasema a. Pita juu yake." Dina akapita. "Sasa futa kwa kiganja. Andika yako." Dina akafuta, akaandika, akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze akacheka. Mwalimu Ikupa alirudi nyumbani anaimba.

Kesho yake, watoto wa awali walipotoka, alikuja na darasa zima. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na yeye alikuwa ameamua kuinama na kundi lake lote.

"Weee!" Mzee Zabron alitoka mbio, mgongo uliokwisha akausahau. "Mikono hiyo! Mmejipaka mafuta nyie! Kahawa inavuta kila harufu, mnataka mnunuzi anywe Vaselini?"

Akawaosha mwenyewe, kwa maji matupu bila sabuni, mmoja mmoja, huku akinusa vidole vyao kama mama anayekagua maziwa. Aliyebaki na harufu alirudishwa kwenye ndoo.

Siku hiyo ilikuwa vurugu. Watoto walizunguka kichanja pande zote, mwalimu akaandika u, na wale wa upande wa pili wakapiga kelele, "n!" Nao hawakukosea, kwa macho yao ilikuwa n. Ikabidi wote wasimame upande mmoja. Dina alihangaishwa zaidi na d na b. Kila alipoandika jina lake, lilitoka bina.

"Nisikilize," mwalimu alimwambia. "Tumbo la d linatazama migomba ya babu. Tumbo la b linatazama jiko la babu. Umeelewa?"

Tangu hapo Dina haandiki d kabla ya kuitazama migomba.

Mzee Zabron alikaa kwenye kigoda chake amenuna. Lakini mkulima ni mkulima. Kundi zima linaandika, linafuta, linaandika tena, na kahawa ile ilikuwa haijapata kugeuzwa namna ile tangu apande mche wa kwanza. Wiki haijaisha, akawa anawasubiri njiani.

"Mwalimu, leo herufi gani?"

"Leo i."

"Ile i?" Mzee akakunja uso. "Kijiti kile? Kinageuza nini kile? Wape ile yenye miguu mingi. Wape m."

"Mzee, darasa ni langu."

"Na kahawa ni ya nani?"

Wakabishana hadi watoto wakaanza kucheka, mwishowe wakakubaliana: kichanja cha mwanzo i, vinavyobaki m. Kuanzia siku hiyo mzee akawa msimamizi. Anapita nyuma ya watoto, mikono mgongoni, anafoka. "Hiyo m yako ina mguu pungufu. Futa! Andika tena! Na wewe, nzuri sana. Futa!" Majirani walimtania kwamba serikali imemwajiri. Mwalimu Ikupa alikuwa anageukia upande wa pili acheke peke yake.

Kahawa ilichelewa kwisha mwaka huo. Dina alirudi darasani siku chache tu kabla ya wazazi kuitwa, na mwalimu mkuu alikuwa ameshatamka bila kumung'unya: atakayeandika jina lake mbele ya wazazi anakwenda darasa la kwanza Januari, atakayeshindwa anarudia. Siku yenyewe Mwalimu Ikupa alivaa kitenge kipya. Hakuwa na wasiwasi, na aliyemuuliza alijibiwa hivyo.

Wenzake waliitwa, wakaandika, wakapigiwa makofi. Akaitwa Dina. Alisimama mbele ya ubao uliosimamishwa kwenye miguu yake ya mbao, chaki mkononi, kichwa kimeinama. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Huyo ni wa vichanjani." Mzee Zabron, kwenye benchi la mbele, alikuwa anatazama chini.

"Nisaidieni madawati mawili," akasema Mwalimu Ikupa.

Ubao ukashushwa, ukalazwa juu ya madawati. Dina akaupapasa kwa kiganja. Mabega yakamshuka, pumzi ikamtoka. Akainua chaki. Kisha akatazama kushoto, ukuta. Akatazama kulia, ukuta.

"Mwalimu," akauliza kwa sauti ndogo, lakini wote wakasikia, "migomba iko wapi?"

Wazazi wakaangua kicheko. Mwalimu Ikupa akainua mkono amwonyeshe, akaushusha. Akionyesha upande, ni yeye ameandika, si mtoto. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alihisi hofu ya kweli, na haikumpendeza hata kidogo.

Benchi la mbele likalia. Mzee Zabron alikuwa amesimama. Akatembea polepole mbele ya watu wote, akaenda kusimama kushoto kwa mjukuu wake, mikono mgongoni.

"Migomba ni mimi," akasema. "Andika."

"Mzee, hairuhusiwi," mwalimu mkuu akaanza.

"Mwalimu mkuu," Mwalimu Ikupa akamkata, miwani tayari iko mkononi, "kwani babu ameshika chaki?"

Mwalimu mkuu akakaa.

Dina akaandika d, tumbo linamtazama babu. Akaandika i, na mzee akakohoa kidogo, maana i hajaipenda hadi leo. Akaandika n. Akaandika a. Kisha akapitisha kidole chini yake na kusoma kwa sauti iliyofika mlangoni: "Di-na. Dina."

Vigelegele vikapasuka. Mwalimu Ikupa alilia wazi wazi bila kuona aibu. Na katika kelele zile Dina, kama alivyozoea msimu mzima, akakunjua kiganja chake na kukipeleka kwenye ubao.

"Usifute!"

Kiganja kikasimama hewani. Mzee Zabron alikuwa ameshamshika mkono.

"Hiyo usifute, mama yangu," akasema. "Hiyo iache."

Jumatatu jina lilikuwa lingali pale, na Mwalimu Ikupa alifundisha kwa upande wa pili wa ubao.