Hope Alipompa Mzee Modesti Marahaba

Asubuhi ya mwisho ya kawaida kwetu ilikuwa Jumapili. Mke wangu Emerensiana alichemsha chai, ya mjukuu wetu Hope akaimimina kwenye kikombe cha kijani. Kwa kingine Hope hanywi. Mimi nilikuwa nachagua boga la kupeleka mnadani, baada ya misa.

"Chukua lile kubwa, Baba Evelyne," akaniambia. "Hilo lako limenuna kama wewe, nani atalinunua?"

Alikuwa mtu wa utani, hata akiwa na jambo zito. Jambo lilikuwa Hope.

Hope ana usonji. Neno hilo Emerensiana alilipata hospitali, akarudi nalo hapa kwetu Bagara akilitamka njia nzima asije akalisahau. Kabla ya hapo watu walisema mtoto karogwa, au hana adabu. Maana Hope ukimwambia neno, anakurudishia lilelile. Ukimfundisha, "Sema shikamoo," anakujibu, "Sema shikamoo."

Emerensiana akaanza kuchangisha. Fungu moja la kuwapa wataalamu wanaochunguza usonji, fungu jingine la kumleta mwalimu azungumze na wazazi wa hapa. Wapo wanaowafungia watoto ndani. Padre akakubali mnada wa Jumapili ile uwe wa kazi hiyo.

Mwendesha mnada ni Mzee Modesti, naye alikuwa na kinyongo. Siku moja binti yetu Evelyne, mama yake Hope, alimwamkia barabarani. Mzee akaitika, "Marahaba." Na Hope naye, "Marahaba." Mtoto kumpa mzee marahaba!

Basi pale uwanjani Modesti akaliinua boga letu, akasema mbele ya watu, "Mama Evelyne, kuchanga tutachanga. Ila huyu mtoto siku nyingine abaki nyumbani. Hana heshima."

Emerensiana akamsogeza Hope mbele yake. "Mzee wangu, muanze wewe. Mpe shikamoo, atakurudishia shikamoo."

"Mimi? Nimwamkie mtoto?"

Watu wakacheka. Modesti hakucheka. Akaliuza boga haraka haraka, mnada ukaisha mapema, na kilichopatikana hakikutosha kumleta mwalimu.

Jumatatu presha ikampanda Emerensiana. Jumatano tukamzika.

Modesti alikuja msibani. Nilikuwa kwenye turubai, Hope pembeni yangu na kikombe chake. Mzee hakuanza na mimi. Akavua kofia, akainama mpaka magoti yakalia.

"Shikamoo," akamwambia Hope.

"Shikamoo," Hope akasema.

Mzee akaitika, "Marahaba, mama."

"Marahaba, mama."

Hapo akacheka, machozi yanamtoka. Akaniambia, "Jumapili mlete. Tunaurudia ule mnada."

Nikakumbuka tulivyotoka mnadani siku ile. Nilikuwa na hasira, nikasema kwa Modesti sikanyagi tena. Emerensiana alikuwa amemshika Hope mkono. Akanijibu hivi:

"Mwache, Baba Evelyne. Boga la ganda gumu huchelewa kuiva. Wewe usiliepue tu."