Makofi Yaliyomfunga Mume Wangu

Naikumbuka vyema siku moja ya wakati wa vita vya pili vya dunia, mwanangu. Mvua zilikuwa zimekatika, nami ni mke mpya hapa Jomvu Kuu. Mume wangu Athmani alitaka kuwa mzee wa mtaa, na mdomo Mungu alimjaalia. Akasimama barazani: "Kisima chetu kinamalizwa na wageni! Waduruma wasiteke tena!" Watu wakampigia makofi, nami nikajiona mke wa sultani.

Wallahi, kisima kilikauka kwa kukosa mvua. Waduruma walikuwa jirani zetu wa bara. Walituletea mahindi, tukawapa samaki, wakanywa maji, wakarudi kwao. Lakini jua ukilikemea halisikii. Jirani husikia.

Athmani akachaguliwa, kisima kikawekewa walinzi. Waduruma hawakugomba. Waliacha kuja, basi. Mahindi yakaadimika, na mchele wa dukani ulikuwa wa kupimiwa kwa mgao wa vita. Watoto walishindia samaki mtupu, wakidai ugali.

Mama mkwe wangu, Bi Rukia, akamwambia, "Athmani, wafungulie watu kisima."

"Najua nimekosea, mama. Lakini nikirudi nyuma, walionishangilia watasemaje?"

"Kumbe mtaa unaongozwa na makofi, si na wewe."

Akanichukua, tukajitwika samaki wakavu, tukaenda kwa mzee wa Waduruma, Mzee Nyawa. Alitukaribisha, akatupa maji tukanywa, haya zilinijaa. Kisha akasema, "Samaki tutawala, bibi. Lakini aliyetutukana mbele ya watu na atutake radhi mbele ya watu."

Athmani alinuna, akasusa chakula, mwisho akakubali. Ijumaa baada ya sala alisimama palepale barazani, Mzee Nyawa ameketi mbele yake, akasema amekosa. Wale wale waliomshangilia wakamzomea, na uzee wa mtaa ukamponyoka. Kisima kikafunguliwa, mahindi yakarudi, si yote. Wako Waduruma waliokufa bila kukanyaga tena kwetu. Ulimi hauna mfupa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Leo mna nchi yenu, mwanangu, na majirani wana zao. Mtu akipanda jukwaani akakwambia dhiki yako imeletwa na nchi jirani, mwulize kwanza yeye nyumbani amefanya nini. Usimshangilie upesi. Ukishamshangilia umemfunga, atawatendea majirani aliyoyasema hata akijua ni upuuzi, na atakayelala njaa ni wewe.

Mungu akupe sikio la subira na jirani mwema, na unga usikukatikie nyumbani mwako. Amin.