Sauti ya Kiboko Ilikuwa Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa maiki yenye harufu ya kahawa na mate ya mtu mwingine, nikaambiwa niwe bata. Ilikuwa Makoko, mjini Musoma, ndani ya kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video. Jina linatokana na mabenchi yake: ukikaa mpaka filamu iishe, utajua mwenyewe ni wapi panapouma. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na mpango wowote.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwaga na wazee wenye mvi na kiinua mgongo. Mimi mvi sina, na kiinua mgongo sikukiona. Lakini nimestaafishwa, kwa hiyo nina haki kama wao. Tena nina hasira. Nasema mapema ili msije mkashangaa mbele.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafsiri filamu papo hapo. Unakaa kando ya skrini na mikisa, kile kisanduku cha vitufe cha kupandisha na kushusha sauti. Mnyama akifungua mdomo unaishusha sauti ya filamu na kuingiza ya kwako. Akifumba, unairudisha, muziki upite. Ukichelewa, ng'ombe anatafuna majani huku bado anaongea, na watoto wanakuzomea. Filamu za ngumi walitafsiri wanaume. Mimi nilipewa za wanyama wanaosema, kwa sababu, walivyodhani, hizo ni mambo ya watoto na wanawake.

Bosi wangu wa kwanza tulimwita Mwenye Banda. Alikuwa mzee wa Kiislamu, mfanyabiashara wa vitambaa, na sheria yake ilikuwa moja: Jumamosi mchana ni ya watoto, mtu mzima haingii bila mtoto. Basi wanaume wa Makoko wakaanza kuazima watoto. Siku moja fundi baiskeli alikuja kamshika mkono binti mdogo.

"Huyu ni mwanao?" Mwenye Banda akamuuliza.

"Wa jirani."

"Na jirani anajua?"

"Anajua, mzee. Na yeye yumo humo ndani na mtoto wa jirani mwingine."

Mwenye Banda alicheka mpaka akaegemea mlango, akampitisha. Baadaye akaniambia, "Binti, usiwafanyie hawa watu wazima mzaha. Mtu hafiki mpaka kuazima mtoto kama hana shida."

Maneno hayo niliyafikiria miaka yote niliyoshika maiki. Shida gani? Nilikuja kuielewa kwa mama mmoja muuza dagaa aliyekaaga benchi la mbele. Kwenye filamu ya bata, dume linarudi jioni na kumuuliza jike ameshinda akifanya nini. Mimi nikamjibia jike: "Nimelalia mayai yote haya, halafu unaniuliza nimefanya nini?" Yule mama akasimama akapiga kelele, "Mwambie tena! Mwambie tena huyo!" Banda zima likalipuka. Mumewe alikuwa kakaa pembeni yake, naye akacheka. Maneno yaleyale angeyasema mkewe nyumbani, wasingelala. Akiyasema bata, mwanaume anacheka kwanza, halafu anabaki nayo.

Ndivyo ninavyoamini mpaka leo. Mtoto hashangai mnyama akisema. Kwake mbuzi amekuwa akisema siku zote, ni sisi tu tusiosikia. Mtu mzima ndiye mwenye kiu. Binadamu mwenzake akisema kwenye filamu, anaanza kumchunguza: huyu ni nani, wa wapi, ananipigia mafumbo? Mbuzi akisema, ngao inashuka. Kwa hiyo ukiniambia hizi ni filamu za watoto, nakuuliza mbona umeazima wa jirani.

Mwenye Banda alipofariki, nilihamia Bunda, kwenye ukumbi mkubwa wenye projekta. Huko bosi aliitwa Meneja, naye alitaka tumwite hivyohivyo. Alikuwa mtu wa mbali, hodari wa biashara, asiyesikiliza. Wakati huo nilikuwa nimejifungua Baraka, baba yake ameshaondoka na namba yake haipatikani. Sikuwa na wa kumwachia mtoto. Nilimfunga mgongoni, nikashika maiki.

"Mama Baraka," Meneja akaniambia, "hapa ni mahali pa kazi, si kliniki. Mtoto akilia kwenye spika ni aibu yangu."

"Ameshalia, Meneja?"

"Akilia siku moja tu, utatafuta kazi nyingine."

Hakuwa anatania. Na mimi, ile kazi ndiyo iliyotulisha wote wawili.

Kisha akakodi ukumbi Butiama kwa siku ya gulio. Filamu aliyochagua ilikuwa ya kiboko dume aliyefiwa na mke. Bwawa lao limekauka, anatembea na ndama wake kutafuta maji. Njiani anaanguka kwenye matope, anakwama kwenye uzio, wanyama wengine wanamcheka. Meneja alitaka nimpe kiboko sauti ya zuzu, ya kigugumizi.

Nikamwambia, "Meneja, sehemu hizi kuna watu mwiko wao ni kiboko. Hawamli, hawamtanii. Ni kama mkubwa wa ukoo."

"Ni katuni, Mama Baraka! Katuni ina ukoo?"

"Watakaokaa kwenye viti ndio wenye ukoo."

"Wewe fanya zuzu. Ama nitamwita kijana wa filamu za ngumi aifanye."

Nikafanya zuzu. Kiboko akaanguka kwenye matope, nikagugumiza. Watoto wawili watatu wakacheka, kisha wakaangalia nyuso za wakubwa wao, wakanyamaza. Nimeshazomewa mara nyingi, kuzomewa hakutishi. Kinachotisha ni ukumbi uliojaa watu ukikaa kimya vile. Babu mmoja wa safu ya tatu akasimama taratibu, akamshika mjukuu wake mkono, akaanza kwenda mlangoni. Wengine nao wakaanza kukusanya kanga na vikapu. Meneja alinitolea macho kama vile mimi ndiye niliyewaambia watoke.

Na hapo Baraka akalia. Alilia kwa nguvu zote, mdomo wake uko sikioni kwangu, maiki iko mdomoni kwangu. Spika zikajaa kilio chake.

Nikajua basi, kazi imekwisha. Nikainua macho kwenye skrini. Ndama wa kiboko alikuwa amelala juu ya udongo mkavu, kafungua mdomo. Kile kilio kikawa chake. Ukumbi mzima ukageuka kutazama. Nikaitupa sauti ya zuzu, nikachukua nzito ya chini kabisa, ile niliyombembelezeaga mwanangu umeme ukikatika, nikasema, "Nyamaza, mwanangu. Mama yako hayupo, lakini mimi nipo. Maji tutayapata."

Babu alikuwa ameshafika mlangoni. Akageukia skrini, akavua kofia.

"Mtayapata, mkubwa," akamjibu kiboko. "Nendeni tu. Mtayapata."

Akarudi kukaa. Walikaa wote. Mpaka mwisho kiboko hakugugumiza tena, na kila alipoanguka, kulikuwa na mtu ukumbini wa kumwambia pole. Walipoyaona maji, akina mama walipiga vigelegele.

Meneja hakunisema kwa kilio. Alikuwa ameirekodi sauti yote kutoka kwenye mikisa. Kesho yake asubuhi, Bunda, akaniita huku anatabasamu.

"Mama Baraka, umefanya kazi nzuri sana. Kila kitu tunacho kwenye flashi, na kilio kimo. Sasa pumzika ulee mtoto."

"Pumzika mpaka lini?"

"Sauti tunayo," akasema.

Huko ndiko kustaafu kwangu. Flashi hailipwi wala hainyonyeshi. Lakini flashi haioni babu akienda mlangoni, na hilo Meneja hakulijua, na sidhani kama amelijua mpaka leo. Nyie vijana mnaoingia kazi hii na simu zenu, mimi siwakatazi. Nasema tu, usiitazame skrini peke yake. Watazame waliokaa.

Sasa nimerudi Musoma, nauza uji mtaa wa Kitaji. Juzi nilimpeleka Baraka kunyoa. Ameshakuwa mkubwa, anajibu kila kitu. Kinyozi ana televisheni ukutani ya kuwatuliza watoto, na ilikuwa inaonyesha kiboko wangu, kwa sauti ileile ya flashi ya Meneja. Kilio kikaanza. Hasira ikanipanda, nikataka kuuchomoa ule waya.

"Mama, nani analia?" Baraka akauliza, kichwa nusu kimenyolewa.

"Ni wewe. Ulikuwa mdogo, mgongoni kwangu."

Akasikiliza, amekunja uso. *Nyamaza, mwanangu. Mimi nipo.*

"Na huyo anayenibembeleza ni nani?"

"Ni mimi."

Akanitazama kwenye kioo, akaitazama skrini, akanihurumia.

"Hapana, mama," akasema. "Huyo ni kiboko."

Kinyozi akacheka, akasubiri nibishe. Nikakiinamisha kichwa cha mwanangu vizuri, amalizie kumnyoa.

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Ni kiboko."