Sikumuficha vya kutosha

Mujukuu wangu mwanamuke alienda kusoma Maroc, wa kwanza mu famille yetu, na mutaa wetu wa Nyalukemba wote ulijua kwa kinywa changu. Kila dimanche, siku ya kupumzika, alikuwa anatembelea miji ya kando ya bahari, anatutumia foto.

Hata hajazoea baridi ya kule, papa yake akapigwa risasi mu njia ya Minova. Tulimuzika, tukanyoa vichwa kama desturi yetu. Wakubwa wakasema: asiambiwe kwanza, ataacha masomo. Nikakubali.

Dimanche akapiga kwa video, upepo wa bahari unapiga kelele. Mimi nilikuwa nimefunga kitambaa mpaka mu nyusi.

«Koko, umejifunika kama bibi arusi. Nioneshe mvi zako.»

«Mvi iko palepale. Wewe onesha bahari.»

Nyuma yangu mama yake akapita na sahani, kichwa wazi, kinangʼaa. Hakuna aliyemukumbusha kitambaa.

Mutoto akaacha kucheka. «Koko, nani amekufa?»

Mimi nagombanaka na maaskari, lakini kwa mutoto huyu nikasema tu:

«Kaa chini kwanza, mujukuu wangu.»

Akakaa palepale mu muchanga, nikamuambia ni papa yake.