Faili Lililofunguka Maskati Likakataa Jadida

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo chai hainipiti kooni. Nilikuwa nimeolewa karibuni, naishi Jadida kwenye nyumba ya wakwe zangu, na marehemu baba yako, Seif, yuko Maskati anafanya kazi kwenye ghala la vipuri vya magari. Nimekaa mbele ya kompyuta na kanga yangu kichwani, nabonyeza faili, na faili halifunguki. Nazima mashine, nawasha tena, nabonyeza, halifunguki. Kwa ajili ya faili hilo nilikaribia kurudishwa kwetu Shumba na sanduku langu.

Baba yako namwombea maghufira kila nikimaliza kusali. Hasira yangu ni kitu kingine, hiyo bado ninayo, na sitakuficha.

Kompyuta ile aliileta jamaa mmoja aliyekuja likizo kutoka Maskati, kaifungafunga kwenye mablanketi kama mgonjwa. Ndani yake Seif alitia programu ya hesabu za nyumba. Unaandika kilichoingia na kilichotoka, nayo inakujumlishia na kukuonyesha wapi pesa imekwenda. Yeye alikuwa nayo hiyo hiyo kwenye mashine yake. Akaniambia niandike kila kitu, hata fungu la mchicha. Mwisho wa mwezi nalitia faili kwenye flashi, naenda duka la intaneti pale Wete mjini, namtumia kwa barua pepe. Yeye analitizama, anaongeza alichotuma, ananirudishia, nami naendelea pale alipoachia.

Mwanzo sikuona ubaya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza nakisoma, na nilifurahi kuwa na kitu cha kushughulisha akili. Sikujua kuwa mtu anayetaka kuona fungu la mchicha, siku moja atataka kuona na nia yako.

Sasa nikupe hali ya wakati ule, kwa sababu nyinyi mmeikuta imepoa. Ilikuwa miaka ya vyama vingi na uchaguzi umekaribia. Watu waliozaliwa tumbo moja walikuwa hawaamkiani. Mtu wa chama hiki hanunui hata kiberiti kwenye duka la mtu wa chama kile. Maiti ikitoka, watu wanaulizana kwanza marehemu alikuwa upande gani, ndipo wanatia kanzu. Kwetu Shumba walikuwa chama kimoja, wakwe zangu chama kingine, na mimi nimeolewa katikati. Siasa sikuzisema ndani ya nyumba ile, wala sikuulizwa. Lakini wifi yangu Maryam, dada yake baba yako, alikuwa akinitizama kila ninapovaa buibui, kama anayepima naelekea wapi.

Basi mwezi ule Seif alinirudishia faili kama kawaida. Nikalitia kwenye mashine yangu, likakataa. Likaandika tu kwamba haliwezi kufunguka, bila kusema kwa nini. Nikadhani flashi imeharibika, nikaenda tena mjini kulichukua upya. Likakataa. Kijana wa duka la intaneti akanambia faili limekufa, nimwachie mashine aisafishe. Nilimwona anatizama pochi yangu zaidi kuliko anavyotizama faili, nikaondoka.

Nikamtumia Seif ujumbe kuwa faili halifunguki na mwezi huu sitaweza kumtumia hesabu mpaka lifunguke. Nilidhani atanipa pole.

Alipiga simu kwa Maryam. Hakunipigia mimi, mwanangu. Alipiga simu ya dada yake, na dada yake akanijia nayo jikoni, akasimama pale pale mlangoni nikisema, hakuondoka.

"Raya," akasema, hata salamu hakutoa. "Kwangu linafunguka."

"Kwangu halifunguki, Seif."

"Si faili lile lile? Litafunguka vipi Maskati likatae Jadida? Unaficha nini?"

Nikamwambia sifichi kitu, huenda ni mashine, huenda ni umeme, maana umeme wetu wakati ule unajua ulivyokuwa, unakatika mtu akiwa kati ya neno.

"Nimeambiwa unapeleka pesa zangu kwenye chama cha kwenu," akasema. "Kama ni hivyo, fungasha urudi Shumba. Nitakutumia karatasi yako."

Nikamtizama Maryam. Alikuwa anatizama dari.

Sikulia. Watu hudhani mwanamke akionewa lazima alie. Mimi nilichokuwa nakitaka duniani ni kitu kimoja, nijue faili lile limekataa kwa nini. Niliona nikiondoka bila kujua, nitakwenda kwa wazee wangu na aibu ambayo si yangu.

Na hapa nisikie vizuri. Sauti ile ile, na maneno yale yale, nimeyasikia jana barazani kwako. Ulikuwa unamwambia mkeo, "Mbona programu ya simu yako haifungui hesabu, unaficha nini?" Sikuamini kuwa ni mtoto niliyemzaa mimi. Ndiyo maana nimekuita, na ndiyo maana sikukukaribisha chai.

Nirudi nyuma. Nikarudi kwenye mashine. Nikajiambia, Raya, usilibonyeze tena kwa hasira, halitaogopa. Nikaanza kuulizia kimoja kimoja. Je, programu yenyewe imeharibika? Kila nilipokuwa nikiifunga, programu ilikuwa ikiniuliza kama iniwekee nakala, na mimi kwa uoga wa umeme nilikuwa nikikubali kila mara. Kwa hiyo nakala za miezi ya nyuma zote zilikuwepo. Nikafungua ya mwezi uliopita, ikafunguka. Nikafungua ya nyuma yake, ikafunguka. Kumbe programu ni nzima, haina kasoro. Flashi nayo nikaitilia faili jingine, likasoma bila tatizo. Ugonjwa basi ulikuwa kwenye lile moja tu, lile lililotoka Maskati.

Sasa lilipokuwa Maskati lilifanywa nini? Nikaingia kwenye kurasa za msaada za ile programu, zile ambazo watu hawazisomi. Kiingereza kizito, nikawa nasoma na kamusi yangu ya skuli mapajani. Nikakuta pameandikwa wazi: toleo jipya la programu likifungua faili la zamani, linaligeuza liwe la kwake, na likishageuzwa toleo la zamani haliwezi tena kulifungua.

Nikasimama nikazunguka chumba. Nikakaa nikasoma tena, nisije nikawa nimesoma ninachokitaka.

Siku ile baba mkwe wangu, Mzee Hamad, alikuwa ameshuka kutoka shamba Mgogoni na majimbi yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, mshabiki mkubwa wa chama chake, bendera iko juu ya nyumba. Nami ni mtoto wa upande ule mwingine. Sikutaraji msaada kwake. Lakini nilimkuta ukumbini, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mwanawe amenitamkia nini. Nikamwambia na nilichokikuta kwenye mashine. Nikamwambia, "Baba, njoo nikufungulie hesabu zote, uzione kwa macho yako."

Akaweka majimbi chini. "Sitaki kuziona."

Nikadhani amenikatia tamaa.

"Nikiziona," akasema, "itakuwa nimekutilia shaka ndipo nikakuamini. Sijakutilia shaka. Nipigie huyo mtoto."

Maryam akaleta simu. Mzee Hamad hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililotisha.

"Seif, umenunua mashine mpya?"

Nikasikia sauti ya baba yako kwa mbali, inasema ndiyo, mwezi uliopita.

"Na programu yake mpya?"

"Ni ile ile, Baba, ila mpya kidogo."

"Basi wewe ndiye uliyelibadilisha faili la mkeo. Umelifungua kwa mpya, la zamani likashindwa kulisoma. Mkeo amelitafuta mpaka amelijua. Wewe ulilitafuta?"

Mzee akaihamishia simu sikio la pili.

"Ulimuuliza, au ulimhukumu?"

"Nimeambiwa, Baba..."

"Najua umeambiwa. Nauliza wewe ulimuuliza mkeo nini."

Mzee akamwambia asipige tena simu mpaka awe na maneno ya kumwambia Raya, na ayaseme kwa Raya mwenyewe. Akakata, akamrejeshea Maryam simu yake bila kumtizama.

Mimi nilikuwa bado sijamaliza. Kwetu mtu akikuzulia, humnyamazii ukamsalimia kesho. Unamsuta. Nikamwita Maryam mbele ya mama mkwe na majirani waliokuwa wakipepeta mchele uani, nikamuuliza, "Wifi, pesa za kaka yako uliniona nazipeleka wapi?"

Akasema ameniona nikiingia nyumba ya Bi Time na kikapu. Bi Time alikuwa jirani wa chama cha kwetu, na mumewe alikuwa amepoteza kazi kwa ajili hiyo, kila mtu alijua.

"Kikapuni mlikuwa na nini?"

Akasema hicho hakukiona.

"Uji wa pilipili manga," nikamwambia. "Bi Time kazaa. Majirani wa karibu wote wanampita mlangoni kama mwenye ndui, kwa sababu ya kadi ya mumewe. Mzazi hana wa kumkorogea uji. Nimemkorogea. Na kesho nitamkorogea. Sasa nambie huo uji ni wa chama gani."

Mama mkwe aliacha kupepeta. Siku ya pili yake nilipotoka na kikapu nilimkuta mlangoni ananisubiri na chupa yake ya samli, akanitilia ndani bila kusema neno. Maryam na mimi tulikaa miezi hatusemezani zaidi ya salamu, na salamu zenyewe nusu.

Baba yako alikuja mwisho wa mkataba. Aliingia na mizigo, akataka kunipa mkono, nikamwambia kwanza aketi. Akaomba radhi mbele ya baba yake na mama yake na Maryam. Akasema alikuwa mbali, kazi ngumu, maneno yanamfika yamekunjwakunjwa. Nikamwambia, "Umbali haukukufunga mdomo wa kuuliza." Akasema ni kweli. Akaniuliza kama hesabu za mwezi ule zilipatikana. Nikamwambia zipo, nimezianzisha upya kutoka kwenye nakala ya zamani, zimekamilika. Akasema, "Naweza kuziona?"

Nikamwambia hapana.

Nilimwambia, "Nimekusamehe, nitaishi nawe, nitakuzalia, lakini faili lile hutaliona, na mengine sitakuandikia. Ukitaka kujua pesa imekwenda wapi, nijie uniulize kwa mdomo kama mtu anavyomuuliza mtu." Hakupenda. Alikasirika kwa muda, akaizoea. Kompyuta ile nikaigeuza ya kupigia chapa mitihani ya walimu na kadi za harusi, na ada zako za madrasa zilitoka humo.

Tuliishi vizuri, mwanangu, usije ukadhani baba yako alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema aliyefanya jambo ovu kwa simu moja, na jambo lile likakaa nami maisha yangu yote. Hata alipokuwa anaumwa na mimi namlisha kwa kijiko, ilikuwa ikinijia ghafla ile "unaficha nini", na mkono wangu unasita kidogo. Yeye alikuwa anaona. Hatukuisema. Ndivyo neno linavyokaa.

Kwa hiyo nakwambia, na sitarudia. Kitu kikikataa kufunguka, anza na kitu chenyewe. Tizama programu, tizama faili, jaribu la zamani, soma maelezo, uliza kimebadilika nini tangu kilipokuwa kizima, na jiulize wewe mwenyewe umegusa nini. Weka nakala kila siku, maana mitambo haina ahadi. Ukishamaliza yote hayo na bado huna jibu, ndipo umuulize mtu, na umuulize swali ambalo jibu lake hujaliamua. Usipeleke maneno ya nyumba yako kwa dada yako wala kwa rafiki yako ili yakurudie yamenona. Na usimtake mkeo akuonyeshe ushahidi ndipo umwamini, kwa sababu siku atakayokuonyesha ndiyo siku ataacha kukuamini wewe.

Mimi nina hasira nawe, na hasira ya mama haina ubaya ndani yake. Mwenyezi Mungu akupe kifua kipana na ulimi mzito wa kushutumu. Ajaalie mkeo asiwe na siku ya kuikumbuka kama ninavyoikumbuka mimi ile yangu. Awape watoto watakaowakuta mnasemezana.

Haya, inuka. Mkeo yuko jikoni kwangu tangu asubuhi na hujamwambia neno. Nenda wewe kwanza, mimi nitabaki hapa nimalize uradi wangu.