Deki ya Longbridge

Nyokabi alikuwa na sheria moja ya maisha, na sheria yenyewe ilikuwa maneno mawili: hapa hawapendi. Ukicheka kwa sauti ndani ya basi, hapa hawapendi. Ukimbishia jirani hodi umwombe chumvi, hapa hawapendi. Ukimtazama mtoto wa mtu ukamwambia amenona, ndiyo kabisa. Mama yake, aliyetoka Nyahururu kuja kula naye Krismasi, alianza kufundishwa sheria hiyo uwanja wa ndege, baada ya kumshika mkono ofisa wa pasipoti na kumuuliza watu wa nyumbani kwake hawajambo.

"Ni kina nani hao hawapendi?" Mama Eric aliuliza siku ya tatu.

"Watu, Mum."

"Wamekwambia?"

"Hawawezi kukwambia. Hapa hawapendi kukwambia."

Sasa huyo Mama Eric hakuwa mtu wa kuchezewa. Eric ndiye kifungua mimba wake, yule aliyebaki nyumbani na ng'ombe. Mwenyewe alikuwa karani wa posta miaka mingi, nyuma ya kidirisha cha stempu, na Kiingereza chake kilinyooka kuliko foleni zote alizowahi kuhudumia. Lakini binti yake alipomtambulisha kwa watu wa kanisani alimsemea kila kitu, hadi chai anayokunywa ina sukari ngapi, kana kwamba mama aliingia nchini bila ulimi.

Nyokabi mwenyewe msimwone hivi. Alifika Birmingham akiwa msichana wa kumjibu mtu jibu kavu akanyamaza wiki nzima. Akapata kazi kwenye makao ya wazee, na tangu hapo kazi yake ni kuwaogesha mama za watu, kuwalisha na kuwabembeleza kwa sauti nyororo ambayo mama yake wa kumzaa hajawahi kuisikia kwenye simu. Mume alikuwapo, hiyo ni hadithi nyingine, wala si tamu. Sasa aliishi peke yake Longbridge, pale palipokuwa na kiwanda cha magari na leo ni maduka na nyumba mpya, katika nyumba ya kupanga ya bwana mmoja aitwaye Davinder. Davinder alikaa mlango wa pili, ukuta kwa ukuta. Alikuwa mzee mwenye kilemba na ndevu nyeupe, mstaafu wa kiwanda hicho hicho. Mama Eric alipomwona mara ya kwanza alifurahi kupita kiasi.

"Kumbe ni Kalasinga? Basi huyo ni mtu wa kwetu."

Nyokabi nusura azirai. Akafunga dirisha kwanza ndipo akamweleza mama yake kwamba kuwaita Masingasinga neno hilo hapa hawapendi.

Na alikuwa na sababu ya kuogopa, tumpe haki yake. Kijana wa Davinder alikuwa anaoa, na baba mtu alikuwa ametamka, kwa upole, kwamba huenda akaitaka nyumba yake. Jibu angelitoa kabla ya mwaka mpya. Nyumba Birmingham haziokotwi, na za bei ile ndiyo hazipo kabisa; Nyokabi akihamishwa hapo angerudi kugawana jiko na watu wasiomjua, umri wake huo. Kwa hiyo Desemba nzima aliishi kwa kunyata. Televisheni chini, simu za Nyahururu zipigwe chumba cha nyuma, vitunguu vikaangwe dirisha limefungwa, na hali kwa Davinder vitunguu vilikaangwa kutwa kucha na harufu yake ilipita ukutani bila hodi.

Mama Eric, kwa kukosa la kufanya, alijiliwaza kwa kushangaa. Jua la huko lilifika kazini limechelewa, na saa kumi lilikuwa limeshavaa koti na kwenda zake, wala hakuna aliyelifuta kazi. Mbwa walivaa sweta na wasichana wakapita magoti wazi. Bafuni palikuwa na mabomba mawili, moja la kukubabua na jingine la kukugandisha, na mwenye kutaka maji ya uvuguvugu ajipatanishie mwenyewe kwa viganja. Mapipa ya taka yalikuwa na rangi zake na siku zake, na Nyokabi aliijua ratiba yake vizuri kuliko siku za kuzaliwa za ndugu zake. Dereva wa basi alimwita Mama Eric "bab", naye akasimama pale pale mlangoni akamwuliza ni baba gani amemwona amevaa kitenge. Nyokabi akamvuta mkono, akamweleza kwamba bab ni neno la mapenzi la watu wa Birmingham, kila mtu ni bab. Na majirani walimwuliza kama yuko sawa, lakini kabla hajafumbua mdomo walikuwa wameshafika kona. Mmoja wao, Mama Eric alimfuata mpaka kituoni ili amalizie kumjibu habari ya goti lake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyokabi hakutoa jembe. Kila asubuhi aliondoka gizani kwenda kazini na kuacha agizo moja: "Pumzika, Mum." Haya, mtu aliyepiga mihuri maisha yake yote utampumzisha kwa muda gani? Wiki moja kabla ya Krismasi Mama Eric alifungua mlango wa mbele, akatazama chini, akaona aibu. Majani yaliyooza, matope, mavi ya ndege. Kwao mlango usiopigwa deki asubuhi ni mlango wa mgonjwa au wa mlevi.

Akajaza ndoo maji moto, akatia sabuni, akatafuta brashi. Akasugua kizingiti, akasugua njia yote mpaka barabarani. Mvuke ulipanda mpaka usoni, akaona kazi inakwenda. Njia hiyo ilikuwa moja kwa nyumba mbili, ikigawanyika mbele ya milango. Sasa angeishia katikati, upande wa Kalasinga ubaki na mavi ya ndege, watu waseme ana roho mbaya? Akaongeza ndoo nyingine, akasugua hadi mlangoni kwa Davinder. Kisha akaingia ndani kunywa chai akiwa na furaha yake ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege.

Baridi ya asubuhi ile ilikuwa imeshagandisha vioo vya magari mtaa mzima. Mama Eric hakumaliza kikombe kimoja cha chai, nayo deki ikawa barafu.

Davinder alitoka na kandambili na mfuko wa taka. Kwanza ulienda mfuko, kisha akaenda mwenyewe. Mama Eric alisikia kishindo akatoka mbio, na mdomo wake ukafanya kile ambacho mdomo wa kila Mkenya hufanya mtu akijikwaa, akipaliwa na chai au akiangusha kijiko.

"Oh, sorry. Sorry, sorry, sorry sana."

Davinder, chini, mkono mmoja umeushika mwingine, alimtazama. Akatazama barafu. Akatazama ndoo na brashi vilivyosimama ukutani.

"Ni wewe umefanya hivi?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo, ni mimi," Mama Eric akajibu, na hakuweza kuficha fahari. "Nimekufanyia hata upande wako."

Mzee akakataa mkono aliopewa, akarudi mlangoni kwake kwa magoti.

Nyokabi alirudi adhuhuri akamkuta Davinder mlangoni, mkono umefungwa bendeji. Kilichosemwa hapo kilikuwa kifupi na cha adabu, na kilimtia hofu kuliko matusi. Akaingia ndani hajavua koti.

"Mum, ulimwambia sorry?"

"Ningemwambia nini? Hongera?"

"Hapa ukisema sorry umekubali kosa."

"Basi nchi hii ina wakosaji wengi. Jana dukani nimekanyaga mtu mguu, akaniambia sorry yeye."

"Mum, sichezi. Huyu mtu atatufukuza."

Mama Eric alikaa chini. Mambo ya barafu alikuwa ameshayaelewa mwenyewe, kwa kusimama mlangoni akiitazama, na moyo ulikuwa ukimuuma. "La maji nimelikubali," alisema. "Sikujua. Nitaenda nimwambie kwa mdomo wangu, mtu mzima kwa mtu mzima. Kosa halimtupi mtu akilisema."

"Usiende. Tafadhali. Niachie mimi, ninajua wanavyoongea."

Nyokabi akamwaga chumvi njiani, akachukua mkebe wa biskuti, akaenda. Mama yake alibaki akikanda unga. Mkono wa mtu umeumia kwa sababu yako, halafu umpelekee biskuti za dukani kwa mkono wa mwingine? Hiyo si pole, hiyo ni posta, na yeye posta alistaafu. Alichoma chapati tano haraka haraka, akazifunga kwa kitambaa, akajitanda shali na kutoka. Mlango wa Davinder ulikuwa wazi nusu. Alipofika pembeni akasikia sauti, akadhani kuna mtu mwingine ndani, maana ilikuwa nyororo mno.

Ilikuwa ya Nyokabi.

"Si mzima, bwana Davinder," binti alikuwa akisema kwa Kiingereza chake cha kazini. "Ni dimensia, usahaulifu wa uzeeni. Sikutaka majirani wajue. Anaweka viatu kwenye friji. Anamwaga maji hovyo. Siku nyingine hajui hata yuko nchi gani. Usitilie maanani lolote analosema, masikini, haelewi."

Mzee akasema kwa sauti nzito kwamba mama yake naye alikwenda hivyo hivyo, na kwamba Nyokabi angemwambia mapema.

Mama Eric alirudi na chapati zake. Alikula moja amesimama, jikoni, bila chai. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini huyu hakuwa nguoni tu, huyu alibebwa mgongoni mwake. Viatu kwenye friji. Karani ambaye hakuwahi kupoteza barua ya mtu.

Nyokabi aliingia uso umechanua. "Ameelewa, Mum. Amekuwa mpole sana."

"Umemwambia nini?"

"Ukweli tu. Kwamba hukukusudia."

Mama Eric akamtazama akivua koti na kulitundika vizuri. Akasema chapati ziko mezani.

Krismasi ikaja na kuku na kanisa, ikapita. Siku ya pili yake, Davinder alibisha hodi, mkono bado umefungwa, ule mzima umebeba boksi la ladu, vile vitamutamu vya mviringo vya Kihindi. Alikuwa amekuja kutoa jibu la nyumba. Nyokabi aliliona usoni mwake, akaanza kupanga vikombe vya chai kwenye sinia. Lakini mzee hakuanza na nyumba. Alivuta kiti mpaka mbele ya Mama Eric, akainama, akapaza sauti, neno moja moja, kama watu wanavyoongea na kiziwi.

"Mama. Hujambo. Unajua. Uko. Wapi?"

Nyuma ya mgongo wake Nyokabi alisimama na sinia, macho yakiomba. Hakuna mtoto aliyewahi kuomba hivyo akitaka pipi.

Mama Eric alijua yuko wapi. Alijua tarehe, alijua mtaa na namba ya posta ya mtaa huo, kwa tabia tu ya kazi yake. Angefungua mdomo angemwuliza mzee kuhusu mkono wake, angemwomba radhi ya maji kwa Kiingereza ambacho bintiye hana, na uongo wa Nyokabi ungekufa pale pale kwenye zulia, nyumba nayo ikaufuata. Akinyamaza, nyumba ingepona na yeye angebaki mwendawazimu wa Longbridge, wa kuhurumiwa na mpaka mbwa wenye sweta. Alihisi hasira mpaka masikioni. Hakujibu.

"Ni sawa, mama, ni sawa," Davinder akasema, machozi yakimlengalenga. Akageuka kidogo, akamwonyesha Nyokabi kwa kidole. "Na huyu? Huyu unamjua? Huyu ni nani?"

Mama Eric alimtazama binti yake. Alimtazama sana, kuanzia kope za kubandika mpaka soksi, hakuharakisha, mpaka Nyokabi akaitua ile sinia.

"Hapana," akasema, kwa Kiingereza safi. "Huyu simjui."

Davinder alitoa leso akajifuta macho bila haya. Aliinuka, akaweka ule mkono wake mzima begani kwa Nyokabi. "Kaeni kwenye nyumba," alisema. "Kijana wangu ana nguvu, atatafuta kwingine. Utamhamishia wapi mama akiwa hivi?" Akaaga, akaenda zake akikanyaga chumvi polepole.

Nyokabi alifunga mlango, akauegemea. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mum, umecheza vizuri mno. Hata mimi ulikaribia kunidanganya."

Mama Eric alikuwa ameshafungua boksi la ladu. Alichagua moja, akaigeuza mkononi.

"Nani amekwambia nilikuwa nacheza?"