Lori la Baba na Unga wa Mbao

Nimefundisha fizikia miaka kumi na mmoja, kwa hiyo nilipoamua kunyoosha bodi ya lori la marehemu baba nilijiona nimeshafika nusu ya safari. Chuma nakijua. Nguvu naijua. Kilichobaki, nilidhani, ni kununua nyundo.

Lori lilikuwa limeegeshwa nyumbani Mafinga, kati ya mlango wa jikoni na ukuta wa kiwanda cha mbao cha jirani, tangu tulipomzika baba. Alilitumia kubeba mbao maisha yake yote. Kila mama alipokwenda jikoni alipita ubavuni mwake, na kila alipopita alilia. Siku moja akaniambia amechoka, watu wa skrepa wanaonunua vyuma chakavu waje walikate walichukue. Mimi sikuweza kuvumilia kuliona likikatwa. Nikamwomba aniachie mpaka mwisho wa likizo ya Juni nilifanye liwe jipya. Aliniangalia mikono, akaguna, kisha akakubali: likizo ikiisha na lori bado linatia huruma, wakate.

Mwezi Mei niling'oa mlango wa dereva, nikapanda nao basi hadi Mbeya ninakofundisha. Konda aliukatia mlango tiketi yake, na ilikuwa haki, maana ulikaa vizuri kuliko mimi. Fundi bodi mmoja wa pale mtaa wa Soweto alikubali kunifundisha kila Jumamosi. Kazi yenyewe ukiisikia ni rahisi: unashika kipande cha chuma kizito nyuma ya bati, unagonga mbele yake kwa nyundo, taratibu. Mimi hilo neno la mwisho halikuniingia.

"Mwalimu," fundi aliniuliza, "kwani hilo bati limekukosea nini?"

Nikamweleza habari za nguvu na mgandamizo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, halafu akabonyeza mlango kwa kidole gumba. Pale alipobonyeza pakaingia ndani, na pembeni pakatokea bonge. Akalibonyeza bonge, shimo likainuka tena.

"Umelitanua. Bati ukilipiga sana linatanuka. Hiyo huko shuleni kwenu hamfundishi?"

Tunafundisha. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimesahihisha mitihani yake.

Ilibidi fundi aurekebishe mlango ule mwenyewe, mimi nikimshikia vifaa. Siku ya kuagana alinipa onyo moja tu. "Rangi pulizia asubuhi mapema, hewa ikiwa imetulia. Na chini mwaga maji, vumbi lisiruke."

Juni nikarudi Mafinga na mlango wangu. Nilichomelea viraka, nikagonga, na pale nyundo iliponishinda nikajaza pati, ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya bati. Paliponishinda palikuwa pengi. Mama alipita na sufuria, akasimama, akaniuliza kama ninapiga plasta. Wiki ya mwisho akaenda Mgololo kwa dada yangu, akasema atarudi Jumatano. Watu wa skrepa nao aliwaambia waje siku hiyohiyo, wakute lori zuri au wakute la kukata. Ndivyo alivyo mama yangu.

Nilichagua kupulizia rangi Jumapili, kiwanda cha jirani kikiwa kimefungwa. Hapo nilijipongeza. Ila asubuhi palikuwa na ukungu, na kichwa changu cha kisomi kikaniambia kwamba fundi hakusoma: upepo huharakisha ukaukaji, kwa hiyo mtu mwenye akili hungoja mchana upepo uanze. Nikangoja. Nikapulizia bluu, lori zima, na kwa muda wa robo saa lilikuwa zuri ajabu. Nilisimama mikono kiunoni. Nikalipiga picha.

Nyuma ya ule ukuta kulikuwa na kilima cha unga wa mbao kinachozidi paa la nyumba yetu. Nimekulia karibu nacho. Nimekichezea. Upepo ulipovuma ukauleta wote juu ya rangi mbichi, na kwa dakika chache lori la baba likawa kama samaki aliyeviringishwa kwenye unga akisubiri mafuta yachemke. Nilijaribu kufuta kwa kitambaa, na kitambaa nacho kikaacha nyuzi zake.

Jumatano watu wa skrepa walifika na mtungi wao wa gesi ya kukatia chuma, wanaume wawili wapole, na nyuma yao akaingia mama. Nilitamani ardhi inimeze. Alilizunguka lori mara mbili.

"Ni nini hiki, mwanangu?"

"Unga wa mbao, mama."

"Umeupaka?"

"Umejipaka wenyewe."

Akaanza kucheka. Alicheka akashika bampa, akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani, akasema hata baba yako hakuwahi kulirudisha likiwa chafu hivi. Sikuwa nimemsikia mama akicheka tangu msiba. Nikageuka nikajifanya ninaokota nyundo.

"Mama, tuanze?" akauliza mmoja wa wale wanaume, mkono ukiwa kwenye mtungi.

Mama alijifuta uso. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakikokota polepole kutoka taa hii mpaka taa ile. Hakuna chembe iliyobanduka, na kiganja kikatoka safi.

"Rangi bado mbichi, wanangu," akawaambia. "Mtarudi ikikauka."

Ilikuwa imekauka tangu Jumatatu.